Mwashoki kwenye uwanja mdogo: jinsi ya kuupanda Bariadi na kuuvusha kiangazi

Mvua za kwanza zikikaribia mkoani Simiyu, swali linalorudi kila mwaka kutoka kwa wenye nyumba wa Bariadi, Maswa, Mwanhuzi na Lamadi ni moja: upandwe mti gani utakaopendezesha uwanja bila kuumaliza? Viwanja vya mjini ni vidogo. Nyumba ikishasimama, ukatoa choo, karo, mahali pa kulaza pikipiki na kamba ya kuanikia nguo, kinachobaki ni kipande chembamba kando ya ukuta. Mwarobaini hapo ni mkubwa mno, na mti wa mwamvuli hutandaza matawi yake hadi kwa jirani.

Wengine huonyesha picha waliyoikuta kwenye simu: mti mwembamba wa bustani za Ulaya, umesimama wima kama mnara, majani yamebanana kuanzia chini hadi kileleni. Mara nyingi huo ni Carpinus betulus, hasa aina zilizochaguliwa kwa wembamba wake kama ile iitwayo Frans Fontaine. Ni mti wa nchi zenye baridi kali. Hupukutisha majani, hupumzika miezi kadhaa, kisha huchipua joto linaporudi. Bariadi haina baridi hiyo, na anayeagiza mbegu zake mtandaoni anatupa fedha.

Umbo hilohilo lipo karibu zaidi. Ni mwashoki, mti ambao tayari unaonekana kwenye nyua za ofisi, makanisa na nyumba za wageni katika miji mingi ya Tanzania. Ukipandwa vizuri Simiyu unakubali. Ukipandwa ovyo, hufa kabla ya Septemba.

Mti wenyewe

Mwashoki asili yake ni kusini mwa India na Sri Lanka. Jina lake la kisayansi ni Monoon longifolium, ingawa vitabu vingi bado vinauita Polyalthia longifolia. Ni wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope. Zamani shina lake, ambalo ni refu, limenyooka na ni jepesi, lilichongwa kuwa mlingoti wa jahazi.

Mti huu una maumbo mawili, na hapa ndipo wengi hukosea:

- Mwembamba, ambao matawi yake huinama chini yakishika shina. Upana wake kwa kawaida hauzidi mita 2. Huu ndio wa uwanja mdogo.
- Mpana, ambao matawi yake hutanuka pembeni kama ya miti mingine ya kivuli. Huu hauna nafasi kando ya ukuta.

Majani yake hayapukutiki yote kwa mpigo, kwa hiyo uwanja haubaki mtupu wakati wa kiangazi. Ukiachwa bila kukatwa hupita mita 10 kwenda juu, lakini hukubali mkasi, na mwenye nyumba anaweza kuuweka kwenye urefu wa mita 4 au 5.

Pima nafasi kabla ya kununua

Chukua futi kamba, upime nafasi ya mti uliokomaa, si ya mche ulio mkononi. Umbali unaofaa ni huu:

- Kutoka ukuta wa uzio: mita 1.5 hadi 2.
- Kutoka msingi wa nyumba: mita 3 au zaidi.
- Kutoka karo, shimo la choo na bomba la maji: mita 3.
- Kati ya mti na mti, ukitaka safu ya kuzuia macho na vumbi la barabarani: mita 1.5 hadi 2.
- Juu: pasiwe na waya wa umeme. Ukiupanda chini ya waya, utakuja kukatwa kichwa na mafundi wa laini, na umbo litakuwa limekwisha.

Umbali wa nyumba una sababu nyingine kwenye udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Anayemwagilia mti mita 1 kutoka ukutani miezi yote ya kiangazi anaulowesha msingi upande mmoja huku upande wa pili ukikauka, na nyufa zikitokea lawama huangukia mizizi.

Ujue udongo wako

Wasukuma waliugawa udongo wao katika aina tangu zamani, na majina ya aina hizo bado ndiyo mwongozo bora kwa mpanda miti wa Simiyu.

- Luseni ni udongo wa kichanga. Unachimbika kirahisi na mizizi hupenya, lakini maji hupotea upesi. Unahitaji samadi nyingi na kumwagilia mara kwa mara.
- Itogolo una tabaka gumu chini ya udongo wa juu. Sururu itagonga na kudunda. Tabaka hilo lazima livunjwe. Likiachwa, mizizi itazunguka juu yake na mti utadumaa.
- Mbuga ni ule mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Una rutuba, lakini maji husimama ndani yake, na mwashoki hauvumilii mizizi iliyozama.

Fanya jaribio hili siku chache kabla ya kupanda. Chimba shimo la sentimita 50, lijaze maji, yaache yaishe, kisha jaza tena jioni. Asubuhi chungulia. Maji yakiwa yamekwisha, panda hapo. Yakiwa bado yamesimama, inua tuta la sentimita 30 kwenda juu na mita 1 au zaidi kwa upana, upande juu yake. Kuongeza mchanga ndani ya shimo la mbuga hakusaidii, kwa kuwa maji ya uwanja mzima yataingia humo na kukosa pa kutokea.

Hesabu maji kabla ya fedha ya mche

Simiyu hupata mvua kwa kawaida kati ya Oktoba au Novemba na Mei, na jumla ya mwaka katika sehemu kubwa ya mkoa iko kati ya milimita 600 na 900. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kavu, na mara nyingi Oktoba nayo hupita bila mvua ya maana. Katika miezi hiyo mche unamtegemea mwenye nyumba peke yake.

Mwashoki wa mwaka wa kwanza huhitaji ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki kwenye luseni. Kuanzia Juni mosi hadi mwisho wa Oktoba ni wiki 22. Hizo ni lita 880 kwa mti mmoja, na lita 2,640 kwa miti mitatu. Kwenye mbuga ndoo moja kwa wiki huweza kutosha, maana udongo huo unashikilia unyevu.

Anayenunua maji kwa dumu afanye hesabu hiyo kwa bei ya mtaani kwake. Anayepata maji ya kisima aonje kwanza. Visima vingi vya Simiyu vina chumvi, na chumvi huunguza ncha za majani. Maji ya mvua yaliyovunwa kutoka kwenye bati ndiyo bora kwa mche mchanga. Maji ya kusuuzia nguo nayo yanafaa, ikiwa hayana sabuni nyingi wala dawa ya madoa.

Hesabu ikigoma, punguza idadi ya miti. Mmoja uliotunzwa unapendeza kuliko sita iliyokauka.

Kuchagua mche kitaluni

Usichukue mche kwa urefu. Mche wa sentimita 40 hadi 60 wenye mizizi mizuri hushika haraka kuliko wa mita 2 uliokaa kwenye kiriba muda mrefu. Kagua mambo haya:

1. Shina moja lililonyooka, lenye ncha hai. Ncha ikiwa imevunjika, weka chini.
2. Chini ya kiriba. Mizizi minene ikiwa imetoka na kuzama ardhini, itakatwa siku ya kuung'oa na mche utapata mshtuko.
3. Majani ya kijani kibichi, yasiyo na madoa wala utando wa wadudu upande wa chini.
4. Mche uliozoeshwa jua. Uliotoka kivulini jana utaungua ukifika uwanjani.
5. Mti mama. Mwulize mwenye kitalu mbegu zilitoka wapi, na ikiwezekana akuonyeshe. Mama mwembamba ndiye dhamana pekee kwamba mtoto naye atakuwa mwembamba.

Anayetaka kuotesha mwenyewe ajue kwamba mbegu za mwashoki hazihifadhiki. Zikikauka hupoteza uhai upesi. Okota matunda yaliyoiva, yenye rangi ya zambarau iliyokaribia nyeusi, ondoa nyama, osha, kisha panda palepale.

Usafiri nao huua. Mche uliofungwa juu ya basi kutoka Mwanza, au ulioshikwa wazi nyuma ya bodaboda, hupigwa na upepo hadi majani yakakunjamana. Ufunge kwa kanga ya zamani au kiroba, umwagilie kabla ya safari, na ukifika uuweke kivulini siku mbili tatu kabla ya kupanda.

Lini upande

Novemba na Desemba, mvua zikishalowesha udongo sentimita 30 kwenda chini. Chimba kwa jembe uangalie; usidanganywe na manyunyu ya kwanza yaliyolowesha vumbi tu.

Wengi husubiri Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, ambayo imezoeleka kuadhimishwa tarehe 1 Aprili. Kwa Simiyu tarehe hiyo imechelewa. Mche uliopandwa Aprili hupata wiki chache tu za mvua, kisha hukutana na Juni ukiwa na mizizi mifupi. Uliopandwa Novemba unakuwa na miezi sita ya kujishika. Kwa mwenye uwanja wa Bariadi, Aprili ni mwezi wa kukarabati uzio wa mti uliokwisha kupandwa.

Siku ya kupanda, hatua kwa hatua

1. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu uweke kushoto, wa chini kulia. Kwenye itogolo vunja tabaka gumu kwa sururu.
2. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi ya ng'ombe haikosekani Simiyu, lakini ile mbichi kutoka zizini huunguza mizizi. Iliyooza haina harufu kali na inameguka mkononi.
3. Rudisha mchanganyiko huo shimoni na uushindilie kidogo kwa mguu.
4. Chana kiriba kwa wembe kuanzia juu hadi chini na ukitoe chote. Mizizi iliyojizungusha chini inyooshe kwa vidole, na iliyojisokota kabisa ikate.
5. Weka mche ili usawa wa udongo wa kiriba uwe sawa na usawa wa ardhi. Usizike shina.
6. Jaza udongo, shindilia kwa kiganja, tengeneza kisahani cha kushikia maji chenye upana wa sentimita 80.
7. Mwagilia ndoo nzima hata kama mvua inanyesha, ili udongo ukae vizuri na mapengo ya hewa yazibe.
8. Simika kigingi upande upepo unakotoka. Funga kwa kitambaa au mpira wa tairi, kwa kulegeza, na ukiondoe baada ya mwaka. Waya hukata ganda la mti.

Kiangazi cha kwanza

Mei ikiisha, weka matandazo ya unene wa sentimita 10 kuzunguka mti: majani makavu, nyasi au maganda ya mpunga. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya matandazo na shina. Masalia ya pamba usiyatumie hata kama yamejaa shambani. Yanatakiwa kung'olewa na kuchomwa baada ya mavuno ili wadudu wa zao hilo wasipate makazi.

Mwagilia jioni, polepole, maji yashuke chini. Kikombe kimoja kila siku ni kosa, kwa sababu hulowesha juu tu na mizizi hubaki juu kuyafuata. Njia rahisi ni dumu la lita 5 lililotobolewa tundu dogo kwa msumari chini, likawekwa kando ya mti litone usiku kucha.

Majani yatakueleza hali ya mti:

- Ncha za kahawia: ukame, au chumvi ya maji.
- Majani yamelegea huku udongo ukiwa umelowa: mizizi inazama. Acha kumwagilia, fungua njia ya maji.
- Majani ya njano yenye mishipa ya kijani: mara nyingi udongo una chokaa nyingi na mti unakosa madini ya chuma. Ongeza samadi iliyooza.

Kiangazi cha pili punguza maji hadi mara moja kwa wiki. Kuanzia cha tatu, mti ulioshika vizuri huweza kuvuka kwa ndoo chache tu.

Mchwa, mbuzi na kuku

Mchwa hushambulia mche uliodhoofika kwa kiu, kwa hiyo kumwagilia ndiko kinga ya kwanza. Usizike nyasi kavu wala vipande vya mbao shimoni. Kagua shina kila wiki, na ukiona njia ya udongo inapanda, ivunje. Mashambulizi yakizidi, nenda duka la pembejeo, eleza tatizo, na fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Oili chafu ya gari, ambayo wengi hupaka shinani, huunguza ganda na kuchafua udongo.

Mbuzi mmoja aliyepita geti likiwa wazi anaweza kumaliza kazi ya miezi sita kwa dakika tano. Zungushia matawi ya miiba au senyenge kwa miaka miwili ya mwanzo. Kuku nao huchakura matandazo hadi mizizi ibaki wazi. Mawe machache juu ya matandazo huwazuia.

Somo hili la uzio mkoa ulilipata zamani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Uoto ulirudi kwa kasi kubwa katika ngitili, maeneo ambayo wananchi waliyatenga na kuzuia mifugo isiingie kwa msimu. Uwanja wa nyumba unafuata sheria ileile.

Kupogoa

Mwashoki mwembamba hauhitaji kukatwa sana. Miaka miwili ya mwanzo ondoa tu tawi lililokufa, na shina la pili likijitokeza kushindana na la kwanza, kata lililo dhaifu.

Ukifika urefu unaoutaka, kata kilele mwanzoni mwa mvua kwa mkasi mkali. Vichipukizi kadhaa vitatokea pale. Vifupishe kila mwaka. Matawi ya chini usiyafyeke ili kusafisha shina. Yakiondoka hayajazi tena vizuri, na uzuri wote wa mti huu uko kwenye majani yanayoanzia chini.

Makosa yanayorudiwa

- Kupanda miti kwa umbali wa nusu mita ili ukuta wa majani ujae haraka. Baada ya miaka michache inanyang'anyana maji na katikati inakauka.
- Kuweka pevingi au zege hadi shinani. Acha duara la mita 1 wazi.
- Kupigilia misumari ya taa au ya kamba ya nguo.
- Kusahau mti wakati wa safari ya mwezi mzima mwezi Agosti bila kumwachia mtu kazi ya kumwagilia.

Wasiwasi unaosikika mara kwa mara

*Mizizi itapasua nyumba?* Mwashoki hausifiki kwa mizizi ya fujo kama mikuyu na jamii zake. Ukizingatia mita 3, hofu hiyo ni ndogo.

*Unaleta nyoka?* Nyoka hufuata panya na vichaka. Fyeka nyasi chini ya mti, na usirundike matofali wala kuni hapo.

*Na popo?* Ni kweli, popo na ndege hula matunda yake na kuangusha mbegu. Asiyetaka uchafu huo asiupande juu ya tenki la maji wala mahali pa kuanikia nguo.

*Kwa nini usiwe mti wa asili?* Mwenye shamba au eneo kubwa apande na kutunza miti ya asili. Huko ndiko mahali pake, na afisa misitu wa halmashauri atamshauri aina. Mwashoki ni jibu la kipande chembamba tu. Anayetaka mti mdogo wenye faida ya chakula achague mkomamanga, ambao huvumilia ukame na hubaki mdogo. Anayefikiria ua wa Thevetia, ule wenye maua ya njano ya umbo la tarumbeta, ajue kwamba mbegu zake ni sumu, na nyumba yenye watoto si mahali pake.

Kazi ya kuanza nayo

Kabla ya mche wowote kununuliwa, pima nafasi, fanya jaribio la shimo na ujue maji ya Juni hadi Oktoba yatatoka wapi. Anayeweza kutoa lita 40 kwa wiki kwa kila mti apande kadiri nafasi inavyoruhusu. Asiye na uhakika apande mmoja Novemba hii, autunze hadi mvua zirudi, kisha aongeze wa pili mwaka unaofuata.